Ukindu wa Jumapili ya Matawi

Mwaka ule, Kwaresima ilipoanza, padre wetu alitutangazia kwamba kuacha nyama peke yake hakutoshi, hasa kwa watu ambao nyama yenyewe huiona ikining'inia sokoni Darajani tu. Alitaka kila jumuiya itafute kipande cha ardhi ya umma, mahali pasipo na mwenye hati, ikitunze kwa siku arubaini. Dunia ni ya Mungu, alisema, na pale tunapodhani hapana mwenyewe ndipo tunapomtupia Mungu taka zetu. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Chukwani. Kabla mahubiri hayajaisha nilikuwa nimeshaichagua bustani ya Forodhani, kule mjini.

Niseme ukweli kwa nini. Forodhani ina watu. Ukifagia Forodhani, mji mzima unajua umefagia. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea karibu na Darajani, na wiki ile niliweka kando sare za watoto wa shule nikashona vilemba vya kitenge kimoja kwa wanawake na kofia za kitenge hicho hicho kwa wanaume. Jumamosi tulifika asubuhi na mapema na mafagio yetu, tukakuta wafanyakazi wa usafi wameshafagia, wameshazoa, wanakunywa chai. Hapakuwa na hata kijiti. Katibu wetu, mzee wa Kichaga aliyestaafu udereva wa malori na asiyependa safari ya bure, aliutazama mti mmoja, akaushika shina kwa mikono miwili, akautikisa mpaka majani yakaanguka. Tukayafagia hayo. Picha zilipendeza sana.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya utakatifu wangu Jumapili ya Matawi ilipokaribia.

Zamu ya kupeleka matawi kanisani mjini ilikuwa yetu. Miaka yote huwa ni makuti ya mnazi: unamwendea mwenye shamba, anakukatia makuti mabichi, unabeba, basi. Lakini mimi niliona makuti ni mambo ya kuezekea banda la kuku. Niliwaambia wenzangu kikaoni kwamba Maandiko yamesema matawi ya mitende, na Bwana wetu hakupokelewa Yerusalemu kwa makuti. Katibu akauliza mitende tutaitoa wapi. Nikamjibu kwamba mkindu na mtende ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, na mikindu naijua ilipo: kule mwisho wa Chukwani, kwenye pori la mawe lililoachwa wazi, ambalo halijengwi wala halilimwi.

"Pori la nani?" akauliza.

"La umma."

"Tuombe ruhusa kwa nani?"

Nikamwambia umma ni sisi, na mimi nimeshatoa ruhusa.

Jumamosi tukaenda na mapanga. Kwa mtu asiyeujua mkindu, niseme tu kwamba hauna ukarimu. Unaota kwa vichaka, mashina kadhaa pamoja, na kila jani chini yake lina miiba mirefu inayokungoja. Lakini katikati ya kila shina huwa kuna jani moja changa ambalo halijafunguka, limesimama wima, jeupe, laini. Nilipoyaona yale moyo wangu ulifurahi. Nikaamuru: yakatwe hayo ya katikati, tena chini kabisa, yatoke marefu. Haya mengine ya kijani yaliyokwisha kufunguka tuyaache, yamechakaa.

Tulikuwa hata hatujaanza, katibu akasimama. Alikuwa ameona kitu. Kwenye jani moja la chini la kichaka cha kwanza palikuwa na fundo, limefungwa vizuri, kwa mkono wa mtu. Tukatazama kichaka cha pili: fundo. Cha tatu: fundo. Tukatazamana.

"Hili ni kago," akasema mama mmoja kwa sauti ya chini. Kago ni dawa ya kulinda shamba. Ukiiba mahali palipokagwa, husemwa, tumbo litakuvimba au utazunguka hapo hapo mpaka mwenyewe aje. Wengine wakaanza kurudi nyuma. Ndipo nikaonyesha kwamba mwenyekiti ni mwenyekiti. Nikaongoza Salamu Maria tatu. Katibu akatoa mfukoni mwa shati kichupa cha maji ya baraka, ambacho alikuwa nacho tangu enzi za malori, akanyunyizia kichaka kimoja kimoja. Na mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, nikayafungua mafundo yote. Nilijisikia nabii kabisa. Kisha tukakata, tukamaliza pori zima, na kila mtu alirudi nyumbani na tumbo lake la kawaida.

Kesho yake hapakuwa na jumuiya iliyong'arisha macho ya watu kama yetu. Jani langu mimi nililikata kwenye kichaka kilichosimama peke yake juu ya jiwe kubwa, na lilikuwa refu kuliko yote. Nikilishika wima linanipita kichwa. Niliimba Hosana kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo. Padre alipopita na maji ya baraka nililisogeza mbele kidogo lisikoswe.

Lakini sitaki msomaji adhani ilikuwa majivuno matupu. Mama yangu alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Ilikuwa Jumapili ya Matawi yangu ya kwanza bila yeye. Kitanda chake nilikuwa bado nakitandika kila asubuhi, shuka safi, foronya imepigwa pasi, na jioni nikipita mlangoni nilikuwa naangalia kama kimekunjamana. Siku ile niliporudi kanisani nililaza lile jani refu juu ya kitanda chake, kutoka kwenye mto mpaka miguuni. Nikafunga mlango.

Jumatatu, jua limeshapanda, nikasikia hodi.

Alikuwa bibi mwembamba, kanga mbili, mkoba wa ukindu begani, na macho yake yalikuwa na ukungu mweupe kiasi kwamba alinitazama kidogo pembeni, kama anamtazama mtu aliyesimama karibu yangu.

"Shikamoo, Bi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wa hali gani? Nnatafuta watu wa kanisani walokata ukindu wangu. Nimekwenda kwa sheha, sheha hana habari. Watoto wa njiani wamenambia walipita watu wanaimba, mbele yao mwanamke ana jani kubwa kuliko yeye. Nikauliza anakaa wapi, wakanileta mpaka hapa mlangoni."

Nikamkaribisha barazani, nikamletea maji. Halafu nikamweleza, kwa adabu lakini kwa kujiamini, kwamba lile pori si la mtu, ni la serikali.

"Naam, la serikali," akasema. "Na bahari pia ya serikali. Ukikuta mtu katega dema lake baharini, utachukua samaki walomo?"

Nikamwongezea maji kikombeni. Akaniuliza kama tuliona mafundo. Nikasema tuliyaona. Akaeleza, taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba wanawake wa kule wanaosuka mikeka wana desturi yao. Jani la katikati likikaribia kuwa tayari, mwenye kulichunga anafunga fundo jani la chini. Maana yake ni kwamba hapa yupo anayengoja, mwenzangu, pita. Na wenzake wote wanapita. Hakuna hati, hakuna karani, na tangu alipoolewa akaja huku hajaibiwa hata jani moja.

"Sasa nyinyi mlipoyaona mafundo mlifanyaje?"

Ningeweza kusema uongo, lakini ilikuwa Juma Kuu. Nikamwambia tulidhani ni kago. Nikamwambia kuhusu Salamu Maria tatu na kichupa cha katibu. Nilipofika pale nilipokuwa nafungua mafundo mimi mwenyewe, yule bibi alicheka mpaka akashika mbavu na kikombe cha maji kikamwagika.

"Mafundo ya bibi kizee mmeyapigia dua!" akasema. "Wallahi leo nimepata cha kwenda kuhadithia."

Halafu kicheko kikaisha, na nikaona uso wake ulivyokuwa kabla ya kucheka. Akaniambia ana binti wa mwisho, ataolewa baada ya miezi miwili. Dada zake wanne, kila mmoja aliondoka na mkeka uliosukwa na mama yake. Alibaki huyu wa tano. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba macho yale hata yakipasuliwa hayatarudi yalivyokuwa, na kusuka kunataka macho. Kwa hiyo huu ndio ungekuwa mkeka wake wa mwisho, na ukindu wake alikuwa ameuchunga mwaka mzima, na siku aliyokwenda kuukata alikuta mashina yamekatwa mpaka kwenye moyo.

Nikasema nitamnunulia ukindu Darajani, upo, tena wa rangi.

"Wa kununua naujua, mwanangu. Ingekuwa ni kununua, ningenunua na mkeka wenyewe."

Akanyanyuka, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Katibu nilipomweleza alisema jambo hilo ni dogo. Kwao Uchagani mtu akikosa anapeleka jani la sale, lile jani refu la uani, na mwenye kukosewa akishalipokea hawezi kukataa kusamehe, hata kama ni damu imemwagika. Alikuwa na masale yake amepanda uani. Akachuma moja, akalifunga kwa ustadi, tukamfuata yule bibi kijijini kwake. Katibu akapiga goti moja, ambalo halikuwa goti zima, akamkabidhi jani kwa mikono miwili. Bibi akalipapasa kwa vidole, akalinusa, akalivuta kujaribu nguvu yake.

"Hili halisukiki," akasema. Akampa mbuzi wake aliyekuwa karibu, mbuzi akala msamaha wote wa Kilimanjaro.

Jumatano nikaenda kuungama. Nilianza na dhambi zangu za kawaida, ambazo padre anazijua kwa mpangilio, halafu nikaingiza ile ya mikindu katikati nikitumaini itapita. Haikupita.

"Umekata mangapi?"

"Sijahesabu, padre. Pori zima. Na mafundo nikayafungua."

"Mafundo gani?"

Nikamweleza. Upande wa pili wa wavu nikasikia kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Alipoweza kusema, akasema kwamba malipizi yangu hatanipangia yeye. "Nenda kwa huyo mama. Atakalokwambia, fanya."

Kwa hiyo nikarudi kijijini mara ya pili, peke yangu, nikamwambia yule bibi kwamba padre amesema yeye ndiye anipangie adhabu.

"Alaa! Leo mimi nshakuwa padri?" Akamwita binti yake atoke ndani aje asikie. Binti akaja, msichana mpole, mikono yake ina unga, akasimama mlangoni anazuia kucheka. Bibi akafikiri kidogo. Niliona anaipenda ile kazi.

"Haya. La kwanza, mnirudishie majani yangu. Yote. La pili, kila Jumamosi mje porini mpaka harusi, nikufundisheni mlichokiharibu. Na vile vilemba vyenu vya Forodhani mviache nyumbani. Nshapata habari zake."

Nikamwambia majani yale yameshabarikiwa, yamenyunyiziwa maji. Sikujua kama atakubali kuyatia kwenye mkeka wa mwanawe. Akaniuliza maji yenyewe ya wapi. Nikasema ya bomba, kisha padre anayaombea.

"Basi hayana tabu. Mimi nayachemsha na rangi."

Padre naye nilimwuliza upande wake, kama inafaa kitu kilichobarikiwa kiende kukaliwa. Akasema matawi yale mwakani angeyachoma apate majivu ya Jumatano ya Majivu. Kutoka jivu kwenda kuwa mkeka wa bibi harusi, anaona yamepanda cheo.

Ikabidi nipite nyumba kwa nyumba kudai matawi. Usiombe kazi hiyo. Mtu aliyepewa kitu cha Mungu bure hukitoi mkononi mwake hivi hivi. Mmoja alisema lake linazuia radi, na wiki ile mvua za masika zilikuwa zinakaribia, kwa hiyo nimwache mpaka zipite. Mwingine alikuwa ameshalichana na kulisuka misalaba midogo saba, mizuri mno, na alinitazama nilipokuwa nafungua mmoja mmoja kana kwamba mimi ndiye niliyemsulubisha Bwana. La katibu lilikuwa limeliwa na panya nusu. Alileta nusu iliyobaki, akasema panya ameshabarikiwa, hawezi kumfukuza. Lakini walitoa. Mwisho walitoa wote, na mimi nikawafungia mzigo mkubwa nikaupeleka kijijini, nikasema mbele ya Mungu na watu kwamba ni yote.

Langu halikuwamo. Nililiacha juu ya kitanda cha mama. Nilijiambia kwamba jani moja si kitu, kwamba bibi mwenye macho yale hatajua, kwamba mwenyekiti aliyezunguka jua lote lile anastahili kubaki na moja. Nilikuwa na sababu nyingi, na mtu mwenye sababu moja ya kweli hahitaji nyingi.

Jumamosi tukaanza kwenda porini. Nilidhani tutapanda kitu. Sisi tukisikia kutunza ardhi tunawaza kupanda mche na kupiga nao picha. Bibi alitukalisha kwanza kwenye mawe akatupangia kazi, na kazi ya kwanza ilikuwa ni kuzoa. Kwa sababu pori lile lilikuwa la wote, kila aliyejenga nyumba upande ule alikuwa ameleta vifusi vyake: matofali yaliyovunjika, mifuko ya saruji iliyoganda, choo kizima cha kukaa ambacho katibu alikikalia kupumzika. Tulizoa Jumamosi tatu. Kuna mfuko mmoja nilioukuta chini ya jiwe, umejaa vipande vya kitambaa, na nilipoufungua nikaviona ni vya sare za shule, rangi ninayoishona mimi. Kijana wa mkokoteni ninayemlipa azoe taka za chumba changu alikuwa anajua pa kuzipeleka. Niliufunga haraka kabla hawajaniona. Bibi akasema, bila kugeuka, "Huo nao uchukue."

Kazi ya pili ilikuwa kusafisha mikindu yenyewe. Majani makavu yanayoning'inia chini hukatwa, ili moto ukipita usipate pa kushika na jua lifike kwenye moyo. Bibi alikuwa anatushika mikono mmoja mmoja kutuonyesha. "Kata kilichokufa. Ukipendacho kiache," alisema, na kila aliposema hivyo aligeuza uso upande wangu. Tulichomwa miiba kila mahali. Siku ya kwanza mama mmoja alianzisha Rozari ili kazi iende, na kwa vile ilikuwa Jumamosi ilipasa yawe matendo ya furaha. Kufika kumi la pili, vidole vyetu vyote vinatoka damu, katibu akaomba rasmi tuhamie matendo ya uchungu. Bibi akauliza tunahesabu nini kwenye ule uzi. Tukamweleza. Akatoa tasbihi yake mkobani akatuonyesha kwamba na yeye anahesabu, tena nyingi zaidi.

Jambo moja nilianza kuliona katika zile Jumamosi, na sijui kama nililiona kwa imani au kwa uchovu. Miaka yote nilikuwa nasali nikisema mbingu na nchi ni mali ya Bwana, na kumbe nchi niliyokuwa naiwaza ilikuwa mbali, ya kwenye kitabu, haina vifusi. Hii niliyoinamia ilikuwa na bibi anayeijua jani kwa jani. Nilimwonea wivu. Mimi katika kanisa langu sijui hata bawaba ipi ya mlango inalia.

Mkeka ulikuwa unakua. Kila tulipotoka porini tulipita kwake kunywa maji, na binti alikuwa anatuonyesha. Kwanza huchanwa majani kuwa nyuzi nyembamba, nyuzi husukwa kuwa ukili, mkanda mrefu wa upana wa kiganja, halafu kili hushonwa pamoja ubavu kwa ubavu. Bibi alikuwa anasuka kwa vidole zaidi kuliko macho, rangi anamuuliza binti yake. Mara kwa mara uzi ulikatika, naye anasema, "Haya, ya kanisani haya." Yetu tuliyaanika vibaya. Tuliyaweka nyuma ya picha za watakatifu, penye kivuli, wakati ukindu unataka jua kali siku kadhaa. Aliyokuwa anayatupa pembeni yalikuwa mengi kuliko nilivyopenda kuona.

Wiki ya harusi nilikwenda Jumatatu peke yangu, kumpelekea binti gauni nililomshonea kwa hiari yangu. Nikakuta mkeka umetandazwa uani, kijani, zambarau na nyekundu, mzuri hata mimi fundi nikainama kuitazama mishono. Bibi alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo, anapima kwa shubiri. Akapima mara moja, akapima mara ya pili. Binti yake alikuwa anatazama pengine.

"Umepungua ukili mmoja," bibi akasema. "Ukilala watu wawili, mmoja mguu wake uko chini."

Nikamuuliza kama ukindu umebaki. Akasema hapana, umeisha. Akasema haidhuru, watu wa siku hizi wanalala vitandani, mkeka ni wa kuonekana tu. Alisema kwa sauti nyepesi, lakini mkono wake uliendelea kupapasa ule ukingo, unakwenda na kurudi pale ulipoishia, kama anatafuta kitu kilichoanguka.

Sikuaga vizuri. Nilirudi nyumbani nikafungua chumba cha mama. Jani lilikuwa palepale, limekauka sawasawa, kwa sababu kitanda kile kipo chini ya dirisha na jua la asubuhi linakilalia chote. Nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa naogopa kitu cha kijinga: kwamba nikilitoa, kitanda kitakuwa kitupu. Nikalitoa, na kikawa kitupu kweli. Nikakaa juu yake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikalia mpaka nikachoka, halafu nikalibeba jani begani nikatoka nalo barabarani mchana kweupe, bila kuimba.

Bibi alinisikia kabla hajaniona. Nilimwekea jani mapajani. Akalipapasa kutoka shina mpaka ncha, na uso wake haukushangaa hata kidogo.

"La kwenye jiwe," akasema.

"Ulijua?"

"Siku ulonletea mzigo nililitafuta. Hili nilikuwa nalichungia ukingo."

"Mbona hukuniuliza, Bi?"

"Nilikwambia yote, mwanangu. Mtu akikuletea pungufu na anajua, wa nini tena kumuuliza? Nilikuwa nangoja." Akalirudia tena kwa vidole. "Limekauka uzuri hili. Ulilianika wapi?"

Nikamwambia juu ya kitanda cha mama yangu. Nikamwambia kwamba kafa, na lini, na kwamba bado nakitandika. Sikuwa nimemwambia mtu habari ya kutandika, hata padre. Bibi akamwagiza binti yake maji. Binti akaleta beseni la maji, wakalilowesha jani likalainika, wakalichana. Kisha bibi akasogea kwenye jamvi akapiga kiganja karibu yake.

"Kaa hapa. Hili utalisuka wewe."

Nikasema sijui. Akasema hilo analijua. Akanishika vidole akanionyesha: juu, chini, kunja, vuta. Miaka yote nimeshika sindano na cherehani, lakini ule ukili ulinishinda kama mtoto. Ulipinda, ukalegea, pengine nikauvuta mno. Tulikwenda hivyo mpaka alasiri, bibi akaenda kusali, akarudi, tukaendelea. Hatukuutia rangi. Ulipotimia urefu binti akaushona ukingoni, mweupe, na pale nilipoanza palionekana wazi kabisa pamekwenda upande. Wakwe wangepaona kabla ya kuona mkeka.

Nikamwomba apafumue, asuke mwenyewe hata shubiri mbili, ili binti asiaibike.

Bibi akapitisha mkono pale palipopinda, taratibu, mara moja tu.

"Pafumuliwe kwa nini?" akasema. "Wakiuliza, atawaambia hapa pamelala mama wa mtu."